Mmea wa Msimu, wa Miaka Miwili au wa Kudumu? Mwongozo Kamili wa Kupanga Bustani ya Nyumbani, Kutoka Kisumu hadi Nakuru

Maswali ni yale yale kila msimu. Mbona kabichi iliyoachwa Kisumu itoe mbegu imeoza bila kuchanua? Mbona sukuma wiki ya Molo imechanua ikiwa bado changa? Na mbona pilipili ing'olewe baada ya mavuno ya kwanza, ilhali ingezaa tena mwaka ujao? Chanzo huwa kimoja: mmea umepangiwa muda usio wake.

Mwongozo huu unafuata kiwanja cha meta 10 kwa 6. Kama chako ni kidogo, punguza urefu wa matuta, si nafasi kati ya mimea.

## Vinavyohitajika

- Kamba ya meta 40, vigingi 12 na futi ya kupimia
- Jembe, jembe la uma, panga na kisu kikali
- Samadi iliyooza, madebe 14
- Nyasi kavu au maganda ya maharagwe ya kutandaza, magunia 4
- Mbolea ya kupandia (DAP au TSP) kilo 1, na CAN, mbolea ya kukuzia, kilo 1
- Mchanga mkavu kilo 2, wa kuchanganya na mbegu ndogo
- Jiki, ya kusafishia panga na kisu
- Bahasha za karatasi na kalamu
- Mbegu na miche

Pima samadi kwa mkono. Ukiingiza mkono ndani ya lundo ukakuta joto, bado haijaiva. Iliyoiva haina joto, hainuki, na huwezi tena kutambua majani yaliyokuwa ndani yake. Samadi mbichi huunguza mizizi na kuleta magugu shambani, na kwa karoti ndiyo balaa kubwa zaidi.

Mbegu za dukani nunua katika pakiti iliyofungwa, yenye bandiko la KEPHIS, shirika la serikali linalokagua mbegu, na tarehe ambayo haijapita. Mbegu za vitunguu hupoteza nguvu haraka kuliko nyingi nyingine, kwa hiyo pakiti ya mwaka juzi usiihangaikie.

## Hatua ya 1: Tambua mmea wako uko kundi gani

Mimea ya msimu huota, huchanua, hutoa mbegu na kufa ndani ya msimu mmoja, hata ukiutunza vipi. Hapa kuna mchicha, saga, mrenda, kunde, dania, maharagwe, mahindi na malenge.

Mimea ya miaka miwili hutumia kipindi cha kwanza kujaza akiba kwenye majani, mzizi au kitunguu. Ikishapitiwa na baridi ya kutosha, huitumia akiba hiyo kutoa shina la maua, kisha hufa. Ni karoti, kabichi, vitunguu, biti, liki na selari. Spinachi ya sokoni kwetu imo humu pia, maana ni ndugu wa biti. Sukuma wiki nayo inaingia hapa, ingawa zipo aina za kienyeji zinazodumu miaka mingi kwa kupandwa vichipukizi.

Mimea ya kudumu huzaa mwaka baada ya mwaka: parachichi, embe, ndizi, papai, pasheni, matunda damu, mchaichai, rozimeri na mnanaa.

Kisha kuna kundi linalowachanganya wengi. Nyanya, pilipili, hoho na bilinganya huandikwa kwenye pakiti kuwa ni za msimu mmoja, kwa sababu vitabu vingi vya bustani vimetoka nchi ambako barafu huziua kila mwaka. Kiasili ni za kudumu. Kwetu pilipili huzaa miaka miwili hadi mitatu bila taabu. Nyanya ingeweza pia, lakini bakajani na mnyauko huimaliza mapema, kwa hiyo ichukulie kama ya msimu. Muhogo na viazi vitamu ni vya kudumu pia, ila tunavichimba kabla ya wakati wao.

*Umefanikiwa ikiwa* unaweza kuandika kando ya kila mbegu uliyonunua herufi M (msimu), 2 (miaka miwili) au K (kudumu). Ukikwama kwenye moja, iweke K mpaka ujue. Kuipa mmea nafasi ya ziada hakukugharimu kama kuukata ukiwa njiani kuzaa.

## Hatua ya 2: Jua baridi ya mahali pako

Hatua hii watu huiruka, na ndiyo inayoeleza nusu ya matatizo. Hatuna majira ya baridi kali. Kinachoamua mmea wa miaka miwili uchanue lini ni baridi ya usiku, nayo hufuata mwinuko wa mahali.

Kisumu iko kama meta 1,130 juu ya bahari, Kakamega karibu 1,500, Nakuru 1,850, Kitale 1,900, Eldoret 2,100 na Molo karibu 2,500. Kabichi na karoti zinahitaji majuma kadhaa ya baridi iliyo chini ya nyuzi 10 hivi ili zichanue. Usiku wa Kisumu kwa kawaida hubaki juu ya nyuzi 15.

Maana yake ni hii:

- Kisumu, Siaya, Busia, Homa Bay: kabichi na karoti hazitachanua. Usiziache shambani ukingoja mbegu. Vuna ule, na mbegu ununue.
- Kakamega, Kisii, Nakuru mjini, Kitale: mchanganyiko. Vitunguu na sukuma wiki huweza kuchanua, hasa baada ya Juni na Julai. Kabichi mara chache.
- Molo, Elburgon, Timboroa, Kuresoi: baridi inatosha, tena wakati mwingine inazidi. Hapa shida ni mmea kuchanua kabla hujavuna.

Mche mdogo sana haujali baridi. Mmea wa miaka miwili husikia baridi ukishakuwa na umbo fulani: kabichi shina likifikia unene wa penseli, kitunguu kikiwa na majani kadhaa. Ndiyo maana mche uliokawia kitaluni Molo huchanua haraka kuliko mche mchanga uliopandwa siku hiyo hiyo kwenye tuta hilo hilo.

## Hatua ya 3: Gawa kiwanja kwa umri wa mmea

Fanya kazi hii Januari au Februari, ardhi ikiwa kavu, ili mvua za Machi zikukute tayari.

Pima ukanda wa meta 3 kwa 6 uwe wa mimea ya kudumu, meta 3 kwa 6 wa miaka miwili, na meta 4 kwa 6 wa msimu. Piga vigingi, vuta kamba. Kwenye kanda mbili za mboga tengeneza matuta ya upana wa meta 1 na njia za sentimita 50. Utapata matuta mawili ya miaka miwili na matatu ya msimu. Upana wa meta 1 unatosha mkono kufika katikati bila kukanyaga tuta.

*Ukanda wa kudumu uwe wapi?* Kwenye joto la Kisumu uweke magharibi, ili kivuli cha alasiri kiangukie mboga. Molo uweke kaskazini au kusini, mboga zipate jua la asubuhi na la jioni.

*Kwa nini kutenganisha?* Tuta la msimu hupigwa jembe mara mbili au tatu kwa mwaka, na kila pigo linakata mizizi ya jirani wa kudumu. Mizizi ya ndizi na papai iko juu juu, na jeraha la jembe ndilo mlango wa maradhi. Isitoshe, mmea mrefu uliopandwa katikati huzoea kula samadi yote ya sukuma wiki.

*Onyo:* parachichi na embe zisiingie kwenye kiwanja hiki. Zitafutie kona ya boma, angalau meta 5 kutoka kwenye mboga. Napia pia iwe mbali.

## Hatua ya 4: Panda za kudumu kwanza

Chimba mashimo mwezi mmoja kabla ya mvua. Shimo la ndizi au papai liwe sentimita 60 kila upande na 60 kwenda chini. Udongo wa juu, ule mweusi, uweke upande mmoja. Wa chini upande wa pili. Changanya ule wa juu na samadi (madebe 2 kwa ndizi, 1 kwa papai), urudishe chini ya shimo. Udongo wa chini utumie kutengeneza ukingo. Ukirudisha kinyume, mizizi michanga itaanzia kwenye udongo usio na chakula.

Ndizi. Chukua mche wa maabara, au chipukizi lenye majani membamba kama upanga. Chipukizi lenye majani mapana tangu udogoni huchelewa na kutoa mkungu mdogo. Shina la ndizi huzaa mara moja tu kisha hufa. Kinachodumu ni shina la chini ya ardhi. Kwa hiyo kila kundi libaki na watatu: mama anayezaa, binti aliyefika kiunoni, na mjukuu anayechungulia. Wengine wote kata. Ukiacha saba au wanane, utapata mikungu ya kulisha kuku.

Magharibi mwa Kenya kuna mnyauko wa bakteria wa ndizi, unaoenezwa na wadudu wanaotembelea ua la dume na panga linalotoka shina moja hadi jingine. Chane ya mwisho ikishatoka, vunja ua la dume kwa mti wenye panda: lishike kwenye panda, zungusha, livute. Usitumie panga kwa kazi hiyo. Kabla ya kuhamia kundi jingine, osha panga kwa jiki au lipitishe motoni mpaka lichome. Ukiona majani yakinyauka kwa manjano, ndizi zikiiva ndani kabla ya wakati, na ute wa manjano ukitoka ukikata shina, ng'oa, lundika hapo hapo, na usipande ndizi pale kwa miezi sita.

Papai. Panda miche mitatu kwenye shimo moja. Ikichanua, ng'oa madume, yale yenye maua mengi kwenye vikonyo virefu vinavyoning'inia, ubakize mmoja wenye ua lililobana kwenye shina. Kwenye udongo mweusi wa tambarare za Kano, karibu na Kisumu, unaoshika maji, panda juu ya kichuguu cha sentimita 30, la sivyo mizizi itaoza kwenye mvua za Aprili. Papai huzaa vizuri miaka mitatu au minne, kisha badilisha. Kwenye mwinuko unaozidi wa Nakuru papai husononeka. Panda matunda damu badala yake.

Pasheni. Ya zambarau hupenda mwinuko, ya manjano hupenda joto la ziwa. Miche iliyounganishwa, ya zambarau juu ya shina la manjano, ndiyo ya kununua, kwa sababu shina la chini la manjano huvumilia maradhi ya udongo.

Pilipili, mchaichai na rozimeri zipande kwenye ukingo wa ukanda huu, sentimita 60 kati yake. Mnanaa upande kwenye mkebe uliotobolewa chini, maana ukiuachia udongo utatawala kila kitu.

*Umefanikiwa ikiwa* baada ya majuma manne kila mche una jani jipya, na matandazo yamewekwa unene wa sentimita 10 bila kugusa shina.

## Hatua ya 5: Ukanda wa miaka miwili

Tandaza debe 1 la samadi kwa kila meta 3 za mraba, isipokuwa mahali pa karoti.

Sukuma wiki. Miche ya majuma manne hadi sita, nafasi ya sentimita 60 kwa 45. Kijiko cha chai cha DAP kwa shimo, ukichanganye na udongo kabla ya kuweka mche. Baada ya majuma matatu weka kifuniko cha soda cha CAN kwa kila mmea, kwa duara, sentimita 10 kutoka shinani, udongo ukiwa na unyevu. Ikigusa shina, inaliunguza.

Vuna majani ya chini, ubakize matano au sita ya juu. Shina la maua likitokea, likate mapema chini ya maua. Vichipukizi vya pembeni vitaendelea kukupa majani madogo kwa miezi kadhaa. Kutoka kwenye mmea wenye afya na uliochelewa kuchanua, kata kichipukizi cha sentimita 15, ondoa majani ukibakiza mawili ya juu, ukipande kivulini. Baada ya majuma matatu au manne kina mizizi. Mmea wenye majani ya madoadoa au mishipa myeusi usiuchukulie kichipukizi, kwa sababu unapanda ugonjwa wenyewe.

Spinachi. Nafasi ya sentimita 30 kwa 40. Kila punje ina mbegu kadhaa ndani, kwa hiyo miche miwili au mitatu itachomoza pamoja, acha mmoja. Vuna majani ya nje. Itakulisha miezi sita hadi mwaka. Katikati ikianza kurefuka, majani huwa machungu, na hapo haina tiba.

Karoti. Panda moja kwa moja tutani, kwenye mifereji ya kina cha sentimita 1, mistari sentimita 25. Hazipendi kuhamishwa, wala samadi ya karibuni, wala mawe: zote tatu huzaa karoti zenye miguu miwili. Miche ikifika sentimita 5, punguza ibaki sentimita 5 kati yao. Kupunguza huku kunauma roho, na wengi hawakufanyi, ndipo wanavuna nyuzi. Karoti huwa tayari kwa miezi mitatu hivi. Ikichanua, moyo wake hugeuka kuni, mpe ng'ombe.

Vitunguu. Kitaluni majuma sita hadi nane, mpaka shina liwe unene wa penseli, kisha sentimita 30 kwa 10. Kitunguu kilichotoa shina la maua hakihifadhiki, kwa sababu katikati kuna kigongo kigumu kinachooza. Kitumie kwanza jikoni.

Kabichi. Sentimita 60 kwa 60. Baada ya kuvuna, bakiza kisiki na majani ya chini. Kitatoa vichwa vidogo vinne au vitano vya ukubwa wa ngumi.

*Onyo kwa walio nyanda za juu:* hamisha miche ikiwa na majani manne au matano, na usiwe na miche mikubwa ya kabichi au vitunguu inayoingia Juni hadi Agosti.

## Hatua ya 6: Ukanda wa msimu

Hapa kanuni ni kupanda kidogo mara nyingi. Tuta moja likipandwa saga leo, la pili lingoje majuma matatu. Ukipanda yote siku moja utakuwa na mboga za kugawia kijiji kwa majuma mawili, halafu sokoni.

Changanya mbegu za mchicha, saga au managu na mchanga mkavu, sehemu moja kwa kumi, ili zisianguke kwa mafungu. Mistari iwe sentimita 30.

Saga. Mbegu iliyovunwa juzi haioti vizuri, kwa sababu bado imelala. Ihifadhi miezi mitatu hadi sita kwanza. Wengi humlaumu muuza mbegu bure. Kata kishada cha maua kinapotokea tu, mmea utatoa matawi na utaongeza majuma kadhaa ya mavuno.

Mrenda. Ganda la mbegu ni gumu. Funga mbegu kwenye kitambaa, zitumbukize kwenye maji yaliyotoka kuchemka kwa sekunde tano hadi kumi, uzipoze mara moja, ukaushe kivulini, kisha upande.

Managu. Usiing'oe. Kata shina sentimita 15 juu ya ardhi, itachipua tena na tena.

Mchicha. Ng'oa wiki ya tatu au ya nne, au kata kama managu. Kunde anza kuchuma majani wiki ya tatu au ya nne. Dania hukimbilia maua joto likizidi, kwa hiyo Kisumu ipande penye kivuli cha alasiri.

Usifuatanishe nyanya, managu, viazi, bilinganya na hoho kwenye tuta moja. Ni jamaa moja, na mnyauko wa bakteria unaobaki udongoni utazipokea zote. Baada ya nyanya panda kunde au maharagwe.

## Hatua ya 7: Kupogoa na kufufua

Pilipili iliyomaliza mavuno ya kwanza ikate mwanzoni mwa mvua, ubakize theluthi mbili ya urefu, uweke nusu debe la samadi kuizunguka. Ndani ya majuma sita inachanua tena. Ukiikata wakati wa kiangazi inaweza kufa. Ikiwa majani mapya yanatoka yamejikunja na madogo, hicho ni kirusi, ing'oe, usiihurumie.

Pasheni ipogolewe baada ya kila mavuno, kwa kuwa matunda hutokea kwenye matawi mapya. Rozimeri usiikate mpaka kwenye mti mkavu usio na majani, haichipui tena.

## Hatua ya 8: Mbegu zipi uweke, zipi ununue

Weka mwenyewe za mimea ya msimu. Chagua mimea mitano au zaidi iliyo bora, mapema kabla hujaanza kuikata, uifunge uzi, usiichume majani. Saga vuna maganda yakigeuka manjano, kabla hayajapasuka. Managu kamua matunda yaliyoiva ndani ya maji, mbegu nzuri zitazama, zianike kivulini. Kausha kila mbegu mpaka ikatike ukiiuma, uitie kwenye bahasha yenye jina, mahali na tarehe.

Mbegu za aina chotara usizirudishe shambani, watoto hawatafanana na mzazi.

Za miaka miwili nunua, isipokuwa uko nyanda za juu na una nafasi ya kuacha mimea shambani zaidi ya mwaka. Hata hapo, sukuma wiki na kabichi zikichanua pamoja huchavushana, na utakachopanda mwaka ujao si sukuma wala kabichi.

Nyingi za kudumu hazihitaji mbegu: ndizi kwa machipukizi, mchaichai kwa kugawa shina, rozimeri kwa vipande, parachichi kwa kuunganisha. Parachichi la mbegu litakuweka miaka sita au zaidi kabla ya tunda la kwanza, na tunda lenyewe huenda lisifanane na ulilokula. Lililounganishwa huanza mwaka wa tatu au wa nne.